Kuku Niliyekutuma Naye Muhoroni

Akinyi mwanangu,

Sitakuandikia habari za sweta. Sweta mbili nimezitia chini kabisa ya sanduku, ukitaka kuvaa utavaa, ukitaka kuganda ugande, umeshakuwa mtu mzima. Wala sitakufundisha kupika, maana nakujua, utaishi kwa mkate na chai mpaka siku utakayorudi. Hayo yote baba yako atakuambia kesho njiani kwenda Nairobi, na atayarudia mara tatu kabla hamjafika Kericho. Wewe itikia tu.

Nimekaa nyuma ya jikoni kwenye kile kiti kilichovunjika mkono. Ni saa nane mchana. Wewe na baba yako mmekwenda Seme kumuaga dani, nyanya yako, nami nikasema siji kwa sababu kuna mgongo wazi wa kukaanga. Nilidanganya. Hiyo mifupa ya samaki wa mbuta iko kwenye beseni, moto sijawasha, na wateja watatu wameshapita nikawaambia mafuta yameisha. Nimerarua karatasi katikati ya daftari lako la zamani la kemia, usinune, ili nikuandikie jambo ambalo limenishinda kusema kwa mdomo tangu ulipokuwa na miaka kumi. Nitaiweka barua hii juu ya viatu vyako ili uisome asubuhi, kabla hamjaenda steji. Isome hapa nyumbani, usiisubirishe mpaka Uingereza.

Lakini kwanza nikuambie nimefurahi, usije ukadhani naandika huku nalia. Nimefurahi mpaka watu wamenichoka. Juzi Mama Otis alisimama hapo getini akaniuliza, "Mama Akinyi, ni ukweli wazungu wanalipia mtoi wako asome magonjwa ya kuku? Kuku tu? Kwani watu wameacha kugonjeka?" Nikamuuliza, "Wewe mwaka jana ulizika kuku ngapi?" Akahesabu kwa vidole, akafika vidole vya mkono wa pili, akaondoka bila kumaliza. Nilicheka peke yangu mpaka samaki wakaungua. Mtoto wa mtaa huu wa Obunga, aliyesoma kwa taa ya koroboi juu ya gunia la makaa, anakwenda kukaa na wataalamu kutazama kitu ambacho jicho halikioni. Nikisema najivunia bado sijasema. Hata kanisani nimeanza kukaa mbele.

Sasa, unakumbuka Krismasi iliyopita nilipokuuliza hasa unakwenda kusoma nini? Nilikuwa nimechoka kuwajibu watu kwa kukisia. Ukacheka, ukaleta boga mezani na punje moja ya mtama. Ukasema boga ni seli moja ya mwili wa kuku, na punje ndiyo kirusi cha kideri, huo ugonjwa unaotumalizia kuku.

"Mama, hiki kitu hakina miguu, hakina mabawa, hakina akili," ukaniambia. "Kinabebwa tu na makamasi, na vumbi, na mavi ya kuku."

"Sasa kinaingiaje, kama hakina akili?"

Ukaniambia kwamba nje ya ukuta wa seli kuna sukari, imesimama kama vijiti vya ua. Nikakuuliza kama ni sukari ya Muhoroni. Ukasema ni sukari nyingine, lakini ni sukari, na kirusi kina vishikio vinavyoipenda, kikipita hapo kinanata.

"Basi kimeingia."

"Bado, Mama. Kunata si kuingia. Kinanata tu mlangoni."

Hapo ndipo ulipochukua uzi wa kushonea. Ukasema kirusi kina kitu cha pili, kama ndoana iliyokunjwa ikafungwa kamba. Kamba isipokatwa, ndoana haifunguki, na kirusi kitakaa juu ya ukuta wa seli mpaka kikauke. Na kirusi chenyewe hakina mkasi.

"Nani ana mkasi?" nikakuuliza.

"Kuku mwenyewe."

Nilikutazama nikadhani unanichezea. Ukanieleza pole pole, kama ninavyowaeleza wateja bei, kwamba mwili una mikasi yake midogo midogo, ya kazi zake za kila siku, na ndiyo hiyo inayoikata kamba ya kirusi bila kujua inamfungulia nani. Kile kideri cha upole kamba yake ni ngumu, inakatwa na mikasi ya koo na tumbo tu, kwa hiyo kuku atakohoa kisha apone. Kile kikali kamba yake hukatwa na mkasi ulioko kila mahali, kwenye moyo, kwenye ini, kwenye ubongo. Ndiyo maana kuku anapinda shingo na kutazama juu kama anayemwita Mungu.

Mpaka hapo nilikuwa nasikiliza vizuri. Kisha ukasema neno lililonifanya niinuke. Ulisema hicho kikali hakingoji kukatiwa kamba kwenye seli ya jirani. Hukatiwa humo humo kilimotengenezwa, ndani ya seli kinamotoka, kabla hakijatoka nje. Kikifika kwa jirani ndoana iko tayari, kikinata kwenye sukari tu, ndoana inaruka, inachoma ukuta na kuuvuta, ngozi mbili zinakuwa ngozi moja, na yaliyomo yanamwagika ndani.

"Kwa hiyo jirani hana kosa, Mama," ukasema. "Mambo yaliharibikia nyumba ya kwanza."

Nikasema nakwenda kutazama kama nguo zimekauka. Hakukuwa na nguo kwenye kamba siku hiyo. Nilisimama huko nje nikiwa nimeshika mti wa kuanikia, nawe ukamwambia baba yako, nilikusikia, kwamba Mama amechoshwa na sayansi.

Sikuchoshwa. Nyumba ya kwanza ilikuwa yangu.

Unakumbuka safari ile ya treni, wewe na baba yako kwenda Muhoroni. Ulikuwa na miaka kumi, baba yako alikuwa bado anafanya kazi reli, na mama yako mkubwa Jerida alikuwa amepata mtoto baada ya miaka mingi ya kuitwa majina na wakwe zake. Unajua sisi Wanyore na kuku. Baba yako Mjaluo angeweza kwenda kumtazama mzazi na kilo mbili za samaki akapokewa kwa shangwe, lakini mimi, dada yake wa tumbo moja, nisimpelekee kuku wa supu? Ningezungumziwa mpaka kwetu Luanda. Nilikuwa nimemwahidi tangu tumbo lake lilipoonekana. Nilimchagua yule mwenye madoadoa, aliyekuwa akitaga kila siku, nikamtangaza kwa kila mtu.

Asubuhi ya safari nilikwenda kufungua banda mapema. Kuku wawili walikuwa wamekufa. Watatu wamesimama kwenye kona wamelegeza mabawa, na sakafuni kulikuwa na mavi ya kijani kama mboga iliyopondwa. Nilijua, Akinyi. Sikujua habari za kirusi na ndoana, lakini kideri nilikijua, mama yangu alikuwa amepoteza kuku kwa kideri tangu nikiwa mtoto. Yule mwenye madoadoa alikuwa mzima, anakula, macho meupe. Nikamshika. Nikajiambia kwamba kuku wa mzazi huchinjwa siku anapofika, atakuwa kwenye sufuria kabla ya jioni, na ugonjwa utaishia kwenye moto. Si ndivyo sote tunavyofanya? Kuku wakianza kufa tunakimbia kuchinja na kuuza waliobaki, na mwingine anampa mgeni, halafu tunauliza kideri kilifikaje kijiji cha pili.

Nilimfunga miguu kwa kipande cha kitambaa chekundu nilichokichana kwenye leso yangu kuukuu. Nikakupa wewe umbebe, kwa sababu uliomba. Ulivaa lile gauni la manjano. Baba yako hakujua kitu, alikuwa anatafuta kofia. Mlipokwenda stesheni, nilisema nabaki kufua, kumbe nilibaki kuchimba shimo. Mpaka jioni nilikuwa nimefukia kuku sita.

Yaliyotokea Muhoroni unayajua kunishinda, wewe ndiye uliyekuwapo. Ulinisimulia ukiwa umejaa furaha kwamba Mama Mkubwa alimwona kuku anataga, akasema, "Haki huyu siwezi chinja, huyu nitamfuga awe ukumbusho wa mtoto." Akachinja jogoo wake mwenyewe mle. Akakupa wewe wembe ukate kile kitambaa chekundu, kwa sababu wewe ndiye mgeni uliyemleta, na kuku akatoka mbio kuwafuata wenzake, nanyi mkapiga makofi.

Wewe ulikuwa unasimulia na mimi nilikuwa nakoroga uji. Ningeweza kumtuma baba yako arudi na treni ya kesho yake, amwambie Jerida mchinje, mtenge, fanya lolote. Nilikoroga uji. Niliogopa kuitwa mtu aliyempelekea mzazi kuku mgonjwa. Hilo tu, hakuna sababu nyingine kubwa ninayoficha.

Banda la Jerida liliisha katika muda wa wiki mbili, mpaka vifaranga. Nyumba za jirani zake zikafuata, zile za wakata miwa kando ya reli. Mama mkwe wake, aliyekuwa akitafuta neno la kusema tangu mtoto azaliwe, akalipata. Alisema yule msichana aliyekata kamba ana mkono mbaya. Na Jerida, mwenye uchungu na aibu ya kuku wa majirani, akakubali. Tulipokwenda huko kwa Pasaka ukakimbilia kiota cha mayai kama kawaida yako, yeye akakuita mbele ya watu wote, "Akinyi, toka hapo, usiguse mayai yangu. Mkono yako si mzuri."

Nilikuwa nimekaa hapo hapo kwenye kigoda, Akinyi. Ulinitazama. Nami nikainama nikaendelea kumenya ndizi.

Kwa muda mrefu baadaye hukutaka kuokota mayai hata hapa kwetu. Siku moja ulikuwa unanawa bombani, unasugua kiganja kwa jiwe la miguu, ukaniuliza, "Mama, mkono mbaya huoshwa na nini?" Nikakuambia, "Na sabuni, na umalizie shingo." Nikacheka. Ukacheka pia, kwa sababu nilicheka. Nimefanya makosa mengi katika maisha yangu, nimemtukana mama yangu mzazi, nimewahi kumtupia baba yako sufuria, nimeuza samaki wa jana nikasema wa leo. Lakini kicheko kile pale bombani ndicho ninachokumbuka nikiwa peke yangu.

Ungeweza kukua ukiwachukia kuku. Ungekuwa na haki. Badala yake ukaanza kuuliza. Mwalimu wako wa darasa la saba alinisimamisha njiani akaniuliza kama kweli nyumbani tunapasua kuku waliokufa. Nikamwambia sisi hatufanyi mambo hayo, kisha nikafika nyumbani nikakukuta nyuma ya choo na kisu changu cha samaki. Nilikuchapa kwa ajili ya kile kisu. Uliniambia huku unalia kwamba ulitaka kuona ugonjwa uliingilia wapi. Kila ulipoanza kuniambia mambo ya shule, sekondari, halafu chuo kikuu, nilikuwa nasikia swali lile lile la bombani, limevaa nguo nyingine tu. Ulikuwa unatafuta kujua kama ni wewe.

Sikiliza sasa, nikujibu kwa maneno yako mwenyewe. Wewe ulikata kitambaa cha miguu. Ile kamba yenyewe ilikatwa hapa Obunga, kwenye banda langu, kabla hujavaa gauni, na aliyeona akanyamaza ni mimi. Mkono wako haukufanya kitu ila kubeba nilichokupa. Ulikuwa mtoto unayempelekea mama yako mkubwa zawadi.

Na nikuambie nilichokiona mwaka jana kwenye likizo yako, ulipoleta ile chanjo ya matone ndani ya termosi ya chai. Wanawake wa hapa walijipanga kuanzia getini mpaka kwenye mtaro, kila mmoja na kuku wake kwapani, hata Mama Otis ambaye alikuja mwishoni akijidai anapita tu. Ulikuwa umekaa juu ya kreti ya soda. Unamshika kuku kichwa kwa vidole viwili, unamtuliza, tone moja kwenye jicho, unangoja apepese, unamrudisha kwa mwenyewe. Siku nzima. Nilikuwa dirishani nikijifanya nachagua mchele. Nilikuwa nautazama ule mkono wako wa kulia. Nilitaka kutoka niwaambie wale wanawake wote uliwahi kuitwaje, na nani aliyeacha uitwe hivyo. Sikutoka, nikarudi kwenye mchele. Kwa hiyo usidhani nimekuwa jasiri, Akinyi, umri huu wote bado najifunza kufungua mdomo. Lakini kuku wa Obunga hawajafa tangu siku ile, na kila ninaposikia jogoo wa watu akiwika namwambia baba yako, "Huyo ni wa Akinyi."

Sasa jambo la mwisho.

Wiki mbili zilizopita nilikuaga nikasema nakwenda mazishi Yala. Sikwenda Yala. Nilikwenda Muhoroni. Nilimkuta Jerida amekaa mlangoni anachambua maharagwe, lori za miwa zinapita na vumbi lote linaingia kwenye ungo. Yule mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa ananishinda urefu, alinisalimu akaenda zake uwanjani. Nikamwambia dada yangu yote, nikiwa bado nimesimama, kabla hajanipa kiti, maana nilijua nikikaa nitaanza kuzungumza habari za mvua.

Aliendelea kuchambua mpaka maharagwe yakaisha, kisha akayarudisha yale mabovu kwenye ungo na kuanza upya.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Asubuhi hiyo hiyo? Ulikuwa umeona wamekufa?"

"Wawili."

"Na hiyo Pasaka ukanyamaza! Ukakaa hapo na ndizi zako! Mimi nikaambia mtoto mbele ya watu mkono yake ni mbaya, na wewe mamake umekaa hapo!" Alinifokea mpaka watu wakatoka nyumba za jirani. Sikujitetea. Kisha akaanza kulia, na alichokuwa akililia si kuku. "Sijawahi kumpea hata yai moja," alikuwa akisema. "Huyo mtoto amekua daktari ya kuku na mimi sijawahi kumpea yai."

Hakunipikia siku hiyo, na unajua uzito wa jambo hilo kwetu. Sijui kama tumepatana. Nadhani itachukua muda, na kosa ni langu, nitangoja. Lakini nilipokuwa naondoka alinifuata mpaka barabarani na kuku kwapani, amemfunga miguu. Akaniwekea mikononi bila kunitazama. "Hii ni ya Akinyi," akasema. "Si yako."

Ndiye yule mweupe mwenye kilemba uliyeniuliza nimemtoa wapi, nikakuambia sokoni. Nilimtia kwenye kile kibanda cha peke yake ulichonijengea, mbali na wengine, maji yake mbali na chakula chake mbali, kama ulivyonifundisha kwamba kuku mgeni akae wiki mbili atazamwe. Nimemtazama kila asubuhi na kila jioni. Anakula, anapiga kelele, mavi yake ni mazuri, samahani kukuandikia hayo kwenye barua ya kuagana. Jana ametaga. Yai sijaligusa.

Wiki mbili zinaisha kesho. Basi ukimaliza kusoma, usije chumbani kwangu kwanza, nitakuwa macho lakini usije. Pita nyuma ya jikoni. Chukua yai lako, limetoka kwa Mama Mkubwa. Kisha mfungulie mlango yule kuku aende kwa wenzake, na umfungulie kwa mkono ule ule.

Mimi nitakuwa nasikiliza.

Mama yako